Mkunga wa Kituo Sifuri

Benchi letu limeegemea ukuta, mkabala na geti la ofisi inayopanga wafanyakazi wa afya nani akae wapi. Mguu wake mmoja ni tofali, na anayekaa upande wa tofali hapaswi kucheka sana, maana akianguka yeye tumeanguka sote. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo nahesabiwa mwanakijiwe hata nikiwa nimewapa mgongo. Kahawa ni ya Mama Birika, mwanamke ambaye kahawa yake ni chungu na maneno yake yanaizidi. Wapo Methali, karani mstaafu anayezijua methali zote ila hajui zinapotumika. Redio, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye hazimiki. Na Breki, dereva wa lori la saruji, mtu mpole ambaye hata ugomvi huukanyagia breki kabla haujaanza. Siku hiyo Breki alikaa upande wa tofali, akashika kikombe bila kunywa. Mkewe alikuwa amepata uhamisho wa kuja huku, na mtu aliyepata habari kama hiyo hakai vile.

Redio: Vipi, shemeji kafika?

Breki: Yuko njiani.

Redio: Sasa mbona umenuna kama umefiwa? Mwenzio anakuja, nyumba itanukia chakula.

Breki: Anakuja yeye. Kazi yake haiji.

Methali: Haiji vipi? Kazi nayo hupanda basi?

Breki: Kule alikotoka hayupo kwenye kompyuta yao. Huku anakokuja hayupo. Hayupo popote.

Niweke wazi hapa, maana Breki si mtu wa maelezo. Mkewe ni mkunga. Alipangiwa zahanati ya mbali tangu mtoto wao hajaota meno, na sasa mtoto huyo anasoma na kuandika, kalelewa na bibi yake. Ofisi ile ya mbele yetu haikuhamishi hivi hivi tu. Lazima utafute mtu wa kubadilishana naye, wewe uende kwake, yeye aje kwako. Hatimaye mke wa Breki akampata mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu, dada mmoja ambaye mama yake mzazi anaugua kulekule mbali. Wakaafikiana, wakaomba, wakakubaliwa. Breki alipaka nyumba rangi.

Breki: Jumatatu yule mwenzake kafika kule, kapokewa vizuri. Mke wangu kamkabidhi aproni na funguo za nyumba ya kituo, kwa mikono yake mwenyewe, wakakumbatiana. Kisha kapiga simu huku, naripoti lini? Wakamwambia, mama, hapa hakuna nafasi, kiti kina mtu. Kageuka kule, basi niendelee hapa. Wakamwambia, wewe umeshahama. Kauliza, nimehamia wapi? Wakatazama kwenye skrini. Kituo Sifuri.

Mama Birika: Kituo Sifuri ndiyo wapi?

Breki: Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?

Redio: Mimi nakijua.

Tukamgeukia. Redio anajua kila kitu, na ubaya wa mtu wa namna hiyo ni kwamba huwezi kumpuuza, ipo siku atasema kweli kwa bahati mbaya.

Redio: Ni hospitali ya chini kwa chini. Ya wakubwa. Wake zao wanajifungulia huko wasionekane.

Mama Birika: Wasionekane na nani? Mimba imetembea sokoni miezi yote, uzazi ndio ufichwe?

Redio: Ndiyo akili yenyewe. Wakaipa sifuri ili mtu akihesabu vituo aanzie moja.

Methali: Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapa?

Methali: Inaingia polepole. Ngoja.

Breki: Mke wangu hajaitwa na wakubwa. Hajaitwa na mtu yeyote.

Redio: Basi kama si hivyo, kompyuta yenyewe imemhifadhi. Mashine za siku hizi zina tamaa. Inapekua majina, inaona mkunga hodari, inamweka pembeni. Siku mashine hizo zikianza kuzaana, unadhani zitamwita nani?

Mama Birika: Zitakuita wewe, uziuzie vipuri.

Nilitaka kucheka, kisha nikamwona Breki anavyokitazama kikombe chake. Nikarudi kwenye soli yangu.

Methali: Mimi niseme ukweli hata kama unauma. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkeo angekuwa anakuja kukaa pale getini kila wiki, wamjue sura, haya yasingempata.

Breki: Angekuja lini, mzee? Alikuwa anazalisha.

Methali akanywa kahawa. Hata yeye alijua hiyo ilimwingia mahali pake.

Ndipo geti likafunguka kidogo, akatoka Kibodi. Kibodi ndiye mtunga programu wa ofisi ile, kijana wa makamo mwenye macho mekundu na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Mfumo wote wa uhamisho ameuandika yeye. Siku nyingine huja moja kwa moja kwenye benchi, anakunywa kahawa bila sukari, anatusikiliza tunavyoitukana ofisi yake, anarudi. Siku hiyo alitazama chini, akataka kupita upande wa pili wa barabara.

Mama Birika: Wewe! Kahawa yako imeshamiminwa. Unataka nimpe nani?

Akaja. Hakuna anayebishana na Mama Birika kahawa ikishamiminwa.

Breki: Kaka, Kituo Sifuri kiko wapi?

Kibodi: Hakipo.

Breki: Mke wangu yuko huko.

Kibodi: Najua. Nimemwona asubuhi. Yaani, nimeliona jina lake. Si mahali, bwana. Nilikitunga mimi.

Breki akasimama. Benchi likalalia upande wa pili, Redio akamwagikiwa kahawa kwenye goti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulalamika.

Breki: Umetunga mahali, ukamweka mke wangu?

Kibodi: Kaa nikueleze. Mama Birika, nipe vikombe viwili. Kimoja kahawa, kimoja maji.

Mama Birika: Vikombe vya wateja hivi, si vya kuchezea.

Kibodi: Tazameni. Nataka kahawa iingie kilipo kikombe cha maji. Samahani, nimeanza vibaya. Nataka kahawa ikae kwenye kikombe chenye maji, na maji yakae kwenye kikombe chenye kahawa. Visichanganyike. Nifanyeje?

Methali: Unakunywa kimoja.

Redio: Unamimina kwa kasi.

Mama Birika: Kikombe cha tatu, nyie! Mmezaliwa kwenye nyumba zisizo na vyombo?

Kibodi: Kikombe cha tatu ndicho Kituo Sifuri. Kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili, mfumo unakataa. Kwa hiyo hatua ya kwanza, mkeo anainuliwa, anawekwa Sifuri. Hatua ya pili, mwenzake anahamia kwenye kiti alichoacha mkeo. Hatua ya tatu, mkeo anatoka Sifuri, anakaa kwenye kiti alichoacha mwenzake. Hakuna anayelala Sifuri. Mtu anapita tu.

Breki: Wa kwangu amelala.

Redio alishapata nguvu mpya. Aliona pa kuingilia.

Redio: Nimeshajua! Wezi wa mtandao. Mtu kaingia kwenye kile kisanduku cha kuandika jina, badala ya jina kaandika amri. Kompyuta ikatii.

Kibodi: Hapana. Hapo ndipo nilipojikinga kuliko kote. Sentensi zangu zote zimeandaliwa.

Mama Birika: Zimeandaliwa kama nini, mboga?

Kibodi: Hivyo hivyo, mama. Unaiandika sentensi mapema, unaacha mapengo. "Mtoe mtu fulani, mkalishe kiti fulani." Kompyuta inaisoma mara moja, inaielewa, inakaa nayo tayari. Baadaye kazi yako ni kuleta majina ya kujaza mapengo, basi. Mtu akileta ujanja wake kwenye pengo la jina, kompyuta haiuoni kama amri. Inauona ni jina. Ukiandika "futa wote", itaanza kumtafuta mfanyakazi anayeitwa Futa Wote.

Methali: Nilisoma na mtu wa jina hilo.

Mimi: Sasa sentensi iliharibikia wapi?

Kibodi: Haikuharibika. Ndilo linaloniuma. Ni sentensi ileile moja, imeitwa mara tatu, na mara zote tatu imefanya ilivyoambiwa. Lakini kuiandaa sentensi ni jambo moja, kuzifunga pamoja ni jambo lingine. Zile hatua tatu nilizifunga ndani ya muamala mmoja, kama furushi moja. Kwanza ofisi zote zinakubali. Halafu unaanza muamala, unaiita sentensi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo unasema, thibitisha. Ikikwama hata moja, zote zinarudi nyuma, kila mtu kwenye kiti chake, kama hakuna aliyeguswa. Na wakati unafanya, mtu mwingine havigusi vile viti. Anangoja umalize.

Mimi: Kama viatu. Mteja haondoki na kimoja.

Kibodi: Haswa.

Breki: Basi ulizifunga. Mbona mke wangu hakurudi kwenye kiti chake?

Kibodi alikizungusha kikombe mkononi. Alikuwa amemaliza kahawa lakini akakipeleka mdomoni hivyo hivyo.

Kibodi: Nilizifungua.

Breki: Ulizifungua kwa nini?

Kibodi: Niliambiwa. Mkurugenzi ana skrini kubwa ukutani kwake, ina namba moja tu, kazi zilizokamilika. Namba yetu ilikuwa inasuasua, ofisi za wenzetu zinapaa. Akaniita. Akaniuliza, hawa watu wawili kubadilishana ni kazi ngapi? Nikamwambia moja. Akaniuliza, ina hatua ngapi? Nikamwambia tatu. Akanitazama tu. Akasema, kijana, sasa huoni?

Mama Birika: Haoni nini?

Kibodi: Kwamba ukiivunja kazi moja vipande vitatu, umefanya kazi tatu. Akaniagiza kila ofisi ikibonyeza kitufe chake, hatua yake ithibitishwe palepale, isiwangoje wenzake. Namba ikapaa. Mwisho wa mwaka tukapewa kombe. Lipo juu ya kabati lake, limefunikwa na nailoni lisiingie vumbi.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Mama Birika: Wewe mzee, nitakujazia kibaba cha maji ya moto.

Breki: Ulimwambia kuna hatari?

Kibodi: Aliniuliza kama mfumo bado ni salama. Nikamwambia sentensi zimeandaliwa.

Breki: Hilo silo nililokuuliza.

Kibodi: Najua. Lakini ndilo nililojibu. Akaenda kulisema kwenye mkutano, sentensi zetu zimeandaliwa, hakuna mwizi anayeingia. Watu wakapiga makofi. Nami nilipigiwa.

Sitaficha nilivyojisikia. Nilimchukia Kibodi saa ile, na shati lake lililopigwa pasi upande mmoja, na sauti yake ya kueleza kila kitu vizuri. Kisha nikamwonea huruma, na huruma ile ikanikasirisha zaidi. Mtu akikudhulumu kwa ujinga unajua pa kuanzia. Huyu alikuwa anaijua kazi yake hadi kwenye uvungu, akaifungua kwa mikono yake kwa sababu mkubwa alimtazama.

Breki: Nani amekaa kwenye kiti cha mke wangu?

Kibodi akageuka kuangalia geti.

Kibodi: Ilipomalizika hatua ya pili, mwenzake ameshaondoka, kiti chake kikabaki kitupu. Mimi na wewe tunajua kinamngoja mkeo. Mfumo haujui. Nilipoufungua muamala niliunyima mfumo habari hiyo, sasa unachojua ni kwamba kiko wazi. Hatua ya tatu ilikuwa inangoja mkubwa wa mapokezi, anayepokea wafanyakazi wanaohamia huku, abonyeze. Akafungua skrini, akakiona. Hakubonyeza. Kaenda kula. Aliporudi akamkalisha mtu wake kwanza, ndipo akabonyeza ya mkeo. Sentensi ikajibu kwa haki kabisa, kiti kina mtu.

Redio: Mtu wake nani? Mpelelezi?

Kibodi: Mpwa wake. Binti wa dada yake.

Redio alinywea. Ungedhani ndiye aliyeonewa. Alikuwa ametuletea hospitali za chini kwa chini, mashine zenye mimba na wezi wa mtandao, na mwisho wa yote akaletewa mjomba.

Redio: Kwa hiyo ni mjomba tu?

Kibodi: Ni mjomba tu.

Methali: Mjomba si mtu mdogo. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

Mimi: Aliyechumia juani ni mke wa Breki, mzee. Anayekula ni mwingine.

Methali: Ndiyo maana nikasema inaingia polepole.

Breki: Mrudishe. Wewe ndiye mwenye mfumo. Ingia ndani, bonyeza unapobonyeza, mrudishe.

Kibodi: Kurudi kulikuwa ndani ya muamala, kaka. Nikiwa sijathibitisha naweza kurudisha kila kitu. Sasa kila hatua imeshathibitishwa peke yake, na mwenzake yuko kule ana barua na ana funguo. Siwezi kumfukuza. Kumtoa mkeo Sifuri kunataka kiti kitupu na idhini ya mkurugenzi, na kwenye skrini ya mkurugenzi uhamisho wa mkeo umekamilika.

Breki: Umekamilika!

Kibodi: Kiti kina mtu, ofisi imebonyeza. Inahesabiwa.

Breki: Yuko peke yake huko Sifuri?

Kibodi: Hapana.

Breki alikuwa amesimama bado, mikono ikining'inia, mtu mzima asiyejua aishike wapi. Nilidhani atampiga. Ningeacha ampige, nakiri, na ningeendelea kushona.

Breki: Ulijua pengo lipo.

Kibodi: Nilijua lipo. Sikujua nani atapita.

Breki: Usinijibu hivyo. Mimi naendesha lori. Nikijua breki hazishiki halafu nikaondoka, siji kuwaambia watu sikujua nitamgonga nani.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Mwanamke akashuka, sanduku moja, beseni la plastiki, na mfuko wenye viatu vyeupe vya kazi vilivyofungwa gazeti. Mimi huona viatu kabla ya watu. Vilikuwa vimeisha soli upande wa nje, viatu vya mtu anayesimama muda mrefu. Breki akampokea sanduku. Mke akamgusa mkono, akatugeukia.

Mke: Hamjambo jamani. Shikamoo, mzee.

Methali: Marahaba, mwanangu. Karibu.

Redio: Karibu shemeji, kaa hapa. Si hapo, hapo kuna tofali.

Mama Birika akammiminia kahawa kabla hajaomba, na akaitia sukari, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu. Kisha kila mmoja wetu akaanza kumweleza. Redio alieleza habari ya vikombe akakosea, Mama Birika akamsahihisha, Kibodi akaeleza muamala, Breki akaeleza mjomba kwa maneno ambayo siyaandiki. Mwanamke alitusikiliza wote bila kumkatiza yeyote, kama anavyomsikiliza mjamzito anayedanganya miezi. Nilijisikia vizuri kidogo, Mungu anisamehe. Tulikuwa tumelielewa jambo zito, na sasa tulikuwa na mtu wa kumweleza.

Methali: Pole sana, mwanangu. Subira huvuta heri.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa mahali pake, na ndiyo iliyouma kuliko zote.

Mke: Nimesubiri, mzee. Mtoto wangu anamwita bibi yake mama.

Akaweka kikombe chini. Akamgeukia Kibodi, si kwa hasira. Nadhani hasira ingemsaidia Kibodi.

Mke: Huyo binti aliyekaa kwenye kile kiti.

Kibodi: Ndiyo, dada.

Mke: Kile ni kiti cha leba. Yule mwenzangu aliniambia pale alikuwa peke yake, hakuna mkunga wa pili.

Kibodi: Ndiyo. Ni kiti kimoja.

Mke: Huyo binti anajua kuzalisha?

Mama Birika alibaki na birika hewani. Zahanati ile ni ya mtaa wetu, na mke wa jirani yangu tumbo lake la mimba limeshuka tayari, anatembea ameshika kiuno. Tulikuwa tumezungumza tangu asubuhi juu ya viti na nani kakalia cha nani.

Kibodi: Ile sentensi, dada, ina pengo la mtu na pengo la kiti. Haina...

Mke: Sijakuuliza sentensi, kaka. Nimeuliza, anajua kuzalisha?

Akamtazama Kibodi, kisha mumewe, kisha mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi, nikainamia kiatu cha watu. Upande wa pili wa barabara geti la ofisi likafunguliwa, gari likatoka, na sote tukaligeukia ili tupate pa kutazama.